Chanjo zikiisha, kliniki haijaisha



Ndugu msomaji, mtoto anapozaliwa katika nyumba zetu, siku ya saba tunamchinjia aqiqa, na majirani wanakula wakashiba. Ni sunna njema. Safu hii leo inauliza jambo jingine: mwezi wa saba, mtoto huyo huyo anapokuwa ameanza kula, anawekewa nini katika kibakuli chake?

Hapa Kamanga wapo wazazi wanaopeleka mtoto kliniki mpaka achomwe sindano ya surua ya miezi 9, kisha kadi inafungiwa sandukuni. Hata sindano ya pili ya miezi 18 inasahauliwa. Ndugu zangu, kliniki ya mtoto inaendelea mpaka atimize miaka 5, na chanjo ni sehemu moja tu ya kazi yake. Sehemu nyingine ni mizani.

Kwa nini mizani? Kwa sababu njaa ya mtoto si lazima ionekane kwa macho. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Mtoto kama huyo anacheza, anacheka, na sisi tunasema amerithi ufupi wa babu yake. Kumbe chakula kimepungua tangu tumboni, na ubongo nao umepunjwa. Madhara mengi hujengeka kabla ya mtoto kutimiza miaka 2, na baada ya hapo ni vigumu kuyarudisha nyuma.

Kwa hiyo itazame kadi. Mstari wa uzito ukipanda, mshukuru Allah. Ukilala miezi miwili mfululizo, au ukishuka, usisubiri. Muulize mhudumu sababu. Katika zahanati mtoto hupimwa pia mzunguko wa mkono kwa utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, maana yake ana utapiamlo mkali. Kama bado ana hamu ya kula na hana homa, hutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa, sukari na mafuta. Akivimba miguu au akikataa kula, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Kila miezi 6 hupewa pia vitamini A, na kuanzia mwaka mmoja dawa za minyoo. Miezi ya kampeni ni Juni na Desemba.

Sasa chakula chenyewe. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Maji na uji havimo, na asali isubiri mpaka atimize mwaka. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akila. Uji wa muhogo mtupu hujaza tumbo lakini haujengi mwili. Sisi tunakaa kando ya ziwa, na dagaa wako sokoni. Chagua waliokauka vizuri, ondoa mchanga, osha, anika tena juu ya kitu kisafi, wakaange bila mafuta, watwange, kisha tia unga wao katika uji mzito. Ongeza karanga zilizotwangwa, lakini zenye ukungu zitupwe. Mboga ya matembele au mchicha, yai likipatikana, na tunda. Akiwa na miezi 9 na kuendelea, ale mara 3 hadi 4 kwa siku, katika sahani yake mwenyewe, maana kwenye sinia ya wakubwa mdogo hushindwa kugombea.

Usafi usisahauliwe. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hupoteza kile alichokula. Maji ya ziwa yachemshwe. Na kutawadha hakutoshi kuondoa vijidudu vya choo. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto. Akiharisha, azidishiwe kunyonya, apewe maji ya ORS, na apelekwe zahanati apate vidonge vya zinki.

Neno la mwisho ni kwenu, akina baba. Surat Al-Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na papo hapo inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama. Basi si sawa mvuvi kuuza sato na sangara wote mwaloni, akarudi nyumbani na unga peke yake. Wala kliniki si ya mama tu. Serikali ilipoanza kutoa ruzuku kwa kaya masikini kupitia TASAF, iliweka mahudhurio ya kliniki ya watoto kuwa sharti. Sisi sharti letu ni amana tuliyopewa na Mola wetu.

Leo baada ya swala ya Isha, itoe kadi sandukuni. Tazama tarehe ya mwisho mtoto wako kupimwa. Ikiwa imepita zaidi ya mwezi mmoja, siku ya kliniki ijayo mbebe wewe mwenyewe.

Allah atujaalie watoto wenye afya na wenye kheri. Amin.