Marekani ni nchi moja yenye majira mengi

MWEZI Januari unapowadia, Wakenya wengi walio na jamaa Marekani huwapigia simu kuwauliza iwapo theluji imeanza kuanguka. Swali hilo huwa na majibu tofauti kulingana na mji anakoishi anayeulizwa. Huku wakazi wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, wakitembea juu ya maziwa yaliyoganda, wenzao wa Miami, jimbo la Florida, huenda wakawa wanaogelea baharini.

Hata nyuzi zenyewe huweza kumpotosha asikiaye. Wamarekani hupima joto kwa Farenhaiti, si kwa Selsiasi inayotumika nchini Kenya. Anayeambiwa kwamba kuna nyuzi 40 aweza kudhani ni joto kama la Garissa, kumbe ni baridi ya nyuzi nne hivi za Selsiasi. Maji nayo huganda katika nyuzi 32 za Farenhaiti.

Hata bila ya kuhesabu Alaska na Hawaii, kutoka pwani ya Atlantiki hadi ile ya Pasifiki ni mwendo wa zaidi ya kilomita 4,000. Sehemu kubwa ya eneo hilo iko mbali na Ikweta na ina misimu minne: majira ya baridi, ya kuchipua, ya joto na ya majani kupukutika.

Misimu hiyo hutokana na kuinama kwa mhimili wa dunia. Jijini Nairobi, usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Mjini Minneapolis, mwishoni mwa Desemba jua huonekana kwa muda usiotimia saa tisa, ilhali mwezi Juni huonekana kwa zaidi ya saa 15.

Hata hivyo, umbali kutoka Ikweta haueleza kila kitu. Bahari nayo ina nguvu zake, kwa kuwa maji huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Upepo utokao Pasifiki huuzuia mji wa Seattle, ulio kaskazini zaidi ya Minneapolis, usipate baridi kali, na majira yake ya baridi huwa ya mvua zaidi kuliko theluji. San Francisco, kwa upande wake, hufunikwa na ukungu wa baharini katikati ya majira ya joto, nao wageni waliofika na nguo nyepesi hulazimika kutafuta sweta.

Milima pia hugawanya mvua. Mkenya anayejua jinsi Embu ilivyo na rutuba huku Nanyuki, ng'ambo ya Mlima Kenya, ikiwa kavu zaidi, hatashangazwa na yanayotukia katika milima ya Olympic, jimbo la Washington. Msitu wa Hoh ulio upande wa bahari hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mji wa Sequim, uliokingwa na milima hiyo hiyo, hupata takriban milimita 400 pekee.

Milima mikubwa ya Rocky imenyooka kutoka kaskazini hadi kusini. Mashariki yake ni nyanda tambarare zisizo na mlima wa kuzuia baridi ya Kanada isiteremke hadi Texas, wala wa kuzuia hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico isipande kaskazini. Hewa hizo zinapokutana, hasa katika majira ya kuchipua, huzaa ngurumo, mvua ya mawe na vimbunga vya nchi kavu viitwavyo tonado. Kwa wastani, Marekani hukumbwa na zaidi ya tonado 1,000 kila mwaka. Tonado iliyopiga mji wa Joplin, jimbo la Missouri, Mei 22, 2011 iliua zaidi ya watu 150.

Lakini hatari ya hali ya anga haipimwi kwa nyuzi peke yake. Mnamo Februari 16, 2021, baridi ilifikia nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sufuri katika eneo la Dallas, Texas. Kwa mkazi wa Minneapolis, hiyo ni asubuhi ya kawaida ya Januari. Kwa Texas, ilikuwa maafa.

Mitambo ya umeme na visima vya gesi visivyotayarishwa kwa baridi kama hiyo viliganda. Zaidi ya nyumba na biashara milioni nne zilikosa umeme, na mabomba ya maji yakapasuka. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Baadhi ya waliofariki hawakuuawa na baridi yenyewe, bali na hewa ya sumu baada ya kuwasha makaa, jenereta au magari ndani ya nyumba zilizofungwa. Ni hatari isiyo ngeni kwa Wakenya wanaolala na jiko la makaa chumbani.

Miezi minne baadaye, joto nalo lilifanya yayo hayo kaskazini-magharibi. Mnamo Juni 28, 2021, mji wa Portland, jimbo la Oregon, ulipata nyuzi 46.7 za Selsiasi. Joto la kiasi hicho si geni Phoenix, Arizona, ambako karibu kila nyumba ina mtambo wa kupoza hewa. Portland na Seattle, mtambo huo haukuwa umeenea kiasi hicho. Mamia ya watu walikufa katika majimbo ya Oregon na Washington na katika mkoa jirani wa British Columbia, Kanada, wengi wao wakiwa wazee walioishi peke yao.

Kwa sababu hiyo, idara ya taifa ya hali ya hewa nchini humo haitumii kiwango kimoja kutoa onyo la joto au baridi. Baridi isiyomshtua mtu wa Minnesota yaweza kutangazwa kuwa tishio Texas.

Isitoshe, mazoea yenyewe yameanza kupitwa na wakati. Wanasayansi waliochunguza joto la mwaka 2021 walieleza kwamba lisingeelekea kutokea bila ongezeko la joto duniani linalosababishwa na binadamu.

Mkenya anayekwenda huko kusoma au kufanya kazi hana budi kujua mengi zaidi ya jina la nchi na mwezi wa safari. Tahadhari kabla ya hatari. Aulize mji wake umezoea nini, nyumba atakayoishi imejengwa kuhimili nini, na umeme ukipotea usiku wa baridi au mchana wa joto, atajihifadhi wapi.