Kusikiwa na Kusikilizwa: Adhabu kwa Mchezaji wa Mpira wa Kikapu Chuoni

1. Swala lenyewe

Mwanafunzi anayeichezea timu ya chuo kikuu chake yuko chini ya sheria mbili. Darasani anafungwa na kanuni za chuo. Uwanjani anafungwa na kanuni za chama cha mchezo. Akikosa, kosa moja laweza kumfikisha mbele ya waamuzi wawili au watatu, na kila mmoja akadai kuwa ana mamlaka ya kumwadhibu. Makala haya yanaeleza jinsi uamuzi wa namna hiyo unavyofikiwa, na mahali unapoweza kupotoka. Mifano mikuu imechukuliwa Marekani, kwa kuwa huko mashauri ya wachezaji wa vyuo yamefika mahakamani na hukumu zake zimeandikwa. Hata hivyo, swala hili linaigusa Lubumbashi pia, kama itakavyoonekana.

2. Shauri la Minnesota

Tarehe 25 Januari 1972, mjini Minneapolis, Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa kinashindwa na Ohio State, zikiwa zimebaki sekunde 36. Ukazuka ugomvi mkali, na wachezaji wa Ohio State wakapelekwa hospitali. Chuo kiliwasimamisha wachezaji wake wawili, Ron Behagen na Corky Taylor. Kisha jumuiya ya michezo ya Big Ten ikawazuia kucheza kwa muda wote wa msimu uliobaki. Wachezaji hao walikwenda mahakamani wakidai kwamba wameadhibiwa kabla ya kusikilizwa.

Jaji Earl Larson alilikubali dai hilo. Msingi ulikuwa umekwisha kuwekwa mwaka 1961, katika shauri la Dixon, ambapo mahakama ya rufani iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumjulisha kosa lake na kumpa nafasi ya kujieleza. Larson aliupeleka msingi huo uwanjani. Alieleza kuwa kucheza katika timu ya chuo kunaweza kuwa na thamani ya kiuchumi kwa mwanafunzi. Kwa hiyo nafasi hiyo haipaswi kuondolewa bila utaratibu wa haki. Mshtakiwa aarifiwe kwa maandishi siku mbili kabla ya kikao. Aelezwe makosa yenyewe. Pande zote mbili zisikilizwe. Na matokeo yaandikwe.

Kikao kilifanyika, na adhabu ikabaki palepale. Jambo hili ni la kuzingatiwa, maana wengi hudhani kwamba kumsikiliza mkosaji ni kumsamehe. Sivyo. Aliyeumizwa naye ana haki ya kuona kosa linachunguzwa, na adhabu iliyotanguliwa na uchunguzi ni ngumu zaidi kutenguliwa.

3. Nani amesimamisha?

Matangazo ya vyuo hupenda kauli ya kutendwa: “mchezaji amesimamishwa”. Kisarufi sentensi hiyo imekamilika bila kumtaja mtenda. Kisheria ina pengo. Amesimamishwa na nani: kocha, mkuu wa chuo, au chama? Tena, amesimamishwa kucheza, au kusoma?

Pengo hilo lilionekana wazi huko huko Minnesota. Wachezaji watatu walishtakiwa kwa kuvunja kanuni za NCAA, chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo. Mojawapo ya makosa lilikuwa kuuza tiketi walizopewa bure. Kamati ya chuo iliwasikiliza, ikaona wamekosa, lakini haikuona kwamba wanastahili kuzuiwa kucheza. NCAA ikakiadhibu chuo chenyewe. Mwaka 1976 mahakama ya wilaya ilikipa chuo ushindi. Mwaka 1977 mahakama ya rufani ikaupindua uamuzi huo.

Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na hivyo uzito wa kusimamishwa umeongezeka. Mnamo Januari 2024 jaji wa shirikisho aliamuru Chuo Kikuu cha Illinois kimrudishe uwanjani mchezaji aliyesimamishwa baada ya kushtakiwa kwa jinai, huku kesi yenyewe ikiendelea. Mwezi Juni mwaka huo jopo la mahakama lilimwona hana hatia.

4. Funzo kwa Lubumbashi

Bismack Biyombo, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1992, aliingia NBA mwaka 2011 bila kupitia timu ya chuo kikuu. Dikembe Mutombo, wa Kinshasa, alipitia Georgetown na kuhitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia. Kijana wa Luano, anayeziona ndege zikipaa kila siku, anazijua njia zote mbili. Akichagua ya pili, adhabu moja yaweza kumfungia mpira na masomo kwa pamoja.

Vyuo vya Kongo vina kumbukumbu yao ya adhabu isiyouliza. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa amri ya serikali, bila kutenga kosa la mtu mmoja mmoja. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 19, inahakikisha haki ya kujitetea. Kamati ya nidhamu isiisahau ibara hiyo kwa sababu tu mechi ni kesho.

Kiswahili kinaitofautisha vizuri sikia na sikiliza. Kusikia ni sauti kufika masikioni, hata bila kutaka. Kusikiliza ni kutega sikio kwa kusudi. Vivyo hivyo, kusimamisha kunaacha mlango wa kurudi, na kufukuza kunaufunga. Barua ya adhabu na iseme kwa lugha anayoielewa mwanafunzi: nani ameamua, kosa ni lipi, ni kucheza au kusoma kunakozuiwa, hadi lini, na rufani ipelekwe wapi. Barua isiyojibu maswali hayo ionyeshe kwamba mwanafunzi amesikiwa tu, bado hajasikilizwa.