Tiba ya Mazungumzo: Uhusiano Nao ni Dawa

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto na maji safi. Mwezi huu tunapenda kuwaeleza juu ya tiba isiyo na vidonge wala sindano. Hospitalini tunawapokea watu wanaolalamika kuumwa kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, lakini vipimo havionyeshi ugonjwa. Baadhi yao huelekezwa kwa mshauri aliyesomea saikolojia. Wapo wanaokwenda mara moja au mbili, kisha hawarudi. Husema, "Hakunipa dawa, tulizungumza tu." Je, huko kuzungumza tu ni kitu gani?

Tiba hii ni ya namna gani?

Washauri hawafanyi kazi kwa njia moja. Wako wanaomfundisha mgonjwa kuyachunguza mawazo yake na kumpa mazoezi ya kufanya nyumbani. Wengine hutazama zaidi uhusiano: jinsi mgonjwa anavyoishi na mwenzi wake, wazazi na watoto, na hata anavyohusiana na mshauri mwenyewe mle chumbani. Hawa wa pili ndio tunaowazungumzia leo.

Msingi wa kazi yao si mgeni. Daktari Mwingereza John Bowlby (1907–1990) alieleza kwamba mtoto hujifunza kwa walezi wake kama watu wanategemeka au hawategemeki, na fundisho hilo hukua naye. Mmarekani Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba mtu hubadilika anapokutana na msikilizaji wa kweli, asiyejifanya wala kumhukumu. Mwaka 1979 Edward Bordin, naye wa Marekani, alitaja mambo matatu yanayomfunga mshauri na mgonjwa: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi ya kufanya, na kuaminiana.

Mfano

Tuseme yupo mama ambaye utotoni alikaripiwa kila alipolia. Alijifunza kusema "sijambo" hata anapoumia. Leo mumewe hajui kama amemwudhi, mpaka siku hasira inapolipuka na nyumba nzima kutikisika. Akifika kwa mshauri atafanya vilevile: atatabasamu na kuitikia kila jambo.

Mshauri mwenye ujuzi ataliona hilo. Atamwuliza kwa upole, "Nilipokuambia vile, naona ulinyamaza. Je, nimekukwaza?" Mama huyo huenda hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo. Akithubutu kujibu, "Ndiyo, ulinikwaza," na asikaripiwe wala kufukuzwa, atakuwa ameonja jambo jipya: kwamba mtu anaweza kusema ukweli na bado akapokelewa. Polepole ataanza kumwambia na mumewe mapema, kabla hasira haijajaa.

Siku utakayoudhika, usikimbie

Hapa ndipo wengi wanapoacha. Mshauri amechelewa, au amesema neno lililochoma, na mgonjwa anaamua kutorudi. Katika tiba hii siku hiyo ndiyo yenye kazi kubwa. Rudi, umwambie. Kupatana baada ya kukwazana ni sehemu ya uponyaji. Anayetoweka kimya hurudi nyumbani na mzigo uleule, na wengine mzigo huo umewafikisha mahali pa kutaka kufa.

Kama wewe au ndugu yako ana mawazo ya kujiua, msingoje siku ya miadi. Semeni wazi, na mgonjwa aletwe hospitali siku hiyohiyo bila kuachwa peke yake.

Siri na mipaka

Wengine hutuuliza kama jambo hili ni sawa na kuungama. La. Kitubio ni sakramenti, na siri yake haivunjwi kwa sababu yoyote. Mshauri naye hutunza siri, lakini akiona uhai wako au wa mwingine uko hatarini, au mtoto anadhulumiwa, huenda akalazimika kuwaarifu wanaohusika. Mwulize juu ya hilo siku ya kwanza.

Uhusiano huu ni wa karibu, lakini una mipaka. Una saa yake, mara nyingi dakika 50 kwa wiki. Mshauri si wa kukopeshana naye fedha, wala si mchumba. Akikutaka kimapenzi, hiyo si tiba tena, ni kosa kubwa. Ondoka, na utoe taarifa kwa mkuu wake.

Tena, mazungumzo hayaondoi haja ya daktari. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayetumia vidonge vya kifafa au vya ugonjwa wa akili, asiache dawa bila kuelekezwa na daktari.

Je, yanasaidia kweli?

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka, watu wenye huzuni kubwa walikutana kwa vikundi, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Njia yao ni ndugu ya hii: walizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, na jinsi yalivyogusa uhusiano wao na wengine. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni, waliobaki na ugonjwa katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, asilimia 54.7.

Ufanye nini?

Eleza shida yako kwa mganga au muuguzi wa zahanati iliyo karibu, naye atakuelekeza. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, Bugando na Mirembe hutoa huduma ya afya ya akili. Siku ya kwanza uliza maswali haya: Umesomea wapi? Tutakutana mara ngapi? Ni gharama gani? Tutajuaje kwamba ninapata nafuu? Mshauri mzuri hachukizwi na maswali hayo. Kisha jipe muda wa kukutana naye mara kadhaa kabla ya kuamua. Ukiona baada ya hapo hamwelewani kabisa, mwambie, naye akusaidie kumpata mwingine.