Prado, injini ya mkonga na hewa ya Karagwe

Mwenye Prado huku Nyakakika akichoka na gari linalochemsha kila kilima, ushauri wa kwanza atakaoupata gereji ni kung'oa injini yake ya 1KZ na kufunga 1HZ, injini ya Land Cruiser mkonga. Hoja yenyewe ni ya cc. 1KZ ina cc 2,982, 1HZ ina cc 4,164, basi gari litapanda bila kuhema. Mimi ni mmoja wa wanaoipenda 1HZ, lakini hoja hiyo inawapotosha watu, na fedha inayopotea ni ya ada za watoto na mauzo ya kahawa.

Mafuta hayaungui bila hewa, na hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Vilima vingi vya Karagwe vinazidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huku hasara inafika kama asilimia 15. 1HZ haina tabo. Torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, kiwandani ni takribani Nm 285. Ikifika vilimani kwetu inabaki kama 240. 1KZ-TE iliyofungwa kwenye Prado za miaka ya 1990 hutoa takribani Nm 290 hadi 340 kutegemea toleo, tena ina tabo, na kazi ya tabo ni kuishindilia hewa ndani ya silinda, kwa hiyo mwinuko hauiumizi sana. Ukizishindanisha mlimani zote zikiwa nzima, gari likiwa na watu saba na mikungu ya ndizi, ile ndogo ndiyo itakayotangulia.

Mbona basi waliobadilisha wanasifia? Kwa sababu walichokitoa kilikuwa kimeshakufa. Silinda hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu na haivumilii joto. Ikichemka mara chache hupasuka. Chanzo mara nyingi ni radieta iliyozibwa na vumbi jekundu na matope, klachi ya feni iliyochoka, au maji ya bomba yaliyotumika miaka mingi badala ya kulanti mpaka kutu ikaziba njia. Vitu hivyo vinarekebishika kwa sehemu ndogo ya gharama ya injini. Kama hedi bado nzima, anzia hapo.

Ikiwa imepasuka na unataka gari la kukaa nalo, sasa 1HZ ina hoja nzito. Hedi yake ni ya chuma. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haitegemei kontroli boksi, na kwa mtu anayeishi mbali na mafundi wenye kompyuta za kupima magari hilo si jambo dogo. Spea zake zinajulikana kila mahali kwa sababu halmashauri, hospitali na mashirika yanatumia mkonga. Inunue kwa ajili ya uvumilivu huo, ukijua mlima utaupanda taratibu. Na tafadhali usimruhusu fundi aongeze mafuta kwenye pampu ili kufidia. Hewa haipo ya kuyaunguza. Utapata moshi mweusi na joto linalokula pistoni.

Kazi ya kubadilisha injini nyumbani ina hatari zake. 1HZ ina uzito unaozidi kilo 300, hivyo kuining'iniza kwenye kenchi ya nyumba au tawi la mwembe ni kucheza na maisha ya kijana anayeshika spana chini yake. Tumia fremu ya mabomba ya chuma na winchi ya mnyororo. Injini yenyewe ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, wakati 1KZ ina nne, kwa hiyo ni ndefu: feni husogea karibu na radieta, maunti hulazimika kuchomelewa upya, na nyumba ya klachi lazima iwe inayolingana na gia boksi yako. Uzito wa mbele ukiongezeka, springi na shokapu za mbele zibadilishwe pia.

Soma kibandiko cha stata kabla hujalipa. Baadhi ya 1HZ zimetoka kwenye magari ya volti 24, na Prado ni ya volti 12. Stata, altaneta na hita plagi zote zinahusika. Kabla injini haijaingia, ikiwa bado iko wazi mbele yako, badilisha taimingi belti, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki.

Kuna kipande kimoja ningependa kila mwenye gari akishike kwa mkono wake. Nyuma ya altaneta ya dizeli hizi kuna pampu ndogo ya kunyonya hewa, yenye mpira unaokwenda kwenye haidrovaki. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha kwenye njia yake ya hewa, kwa hiyo pampu hiyo ndiyo inayolainisha breki. Mpira ukisahaulika, ukipasuka au ukiunganishwa vibaya, gari litawaka vizuri, litatoka uani vizuri, na pedali itakuwa ngumu kama jiwe kwenye mteremko wa kwanza. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu, endelea kuikandamiza kisha washa. Pedali isipozama kidogo, gari lisitoke.

Yabaki makaratasi. Kadi ya gari inataja namba ya injini na ukubwa wake, na mabadiliko yote mawili yanapaswa kufikishwa TRA. Ieleze na kampuni ya bima, hasa kama una bima kubwa, kwa sababu dai la gari lisilofanana na kadi yake ni rahisi kukataliwa. Wengine wa Kyerwa huvutwa kununua injini kwenye soko la Kisekka la Kampala kwa kuwa Murongo ni mpakani kwao. Bidhaa ni halali, ila ipitishe forodha na utunze risiti pamoja na hati ya ushuru. Hizo ndizo utakazoulizwa siku utakapoomba namba mpya iandikwe kwenye kadi.