Gitaa la Kwaya na Fundi wa Kuaminika: Mambo ya Kuzingatia kabla ya Kukabidhi Chombo

Katika parokia nyingi gitaa la umeme limepata nafasi yake kando ya kinanda na ngoma. Hununuliwa kwa michango ya wanakwaya, kwa harambee, au kwa majitoleo ya muumini mmoja aliyeguswa na uimbaji. Baada ya mwaka mmoja au miwili lalamiko huwa ni lile lile: nyuzi ni ngumu kubonyeza, sauti za juu hazipatani na kinanda, spika zinanguruma. Hapo ndipo fundi hutafutwa. Na kwa kuwa mafundi wa gitaa ni wachache, chombo hukabidhiwa kwa yeyote mwenye bisibisi. Mara nyingine hurudi kikiwa kizima. Mara nyingine hurudi kikiwa na jeraha lisilopona. Katika makala haya tunapenda kueleza kazi yenyewe ni ipi, na ni kwa alama zipi tunaweza kumtambua mtu wa kumwamini.

Dhamana yetu sote

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, namba 120, uliipa heshima ya pekee ogani ya mabomba, kisha ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka husika ya Kanisa mahali, ilimradi vifae kwa matumizi matakatifu, vilingane na hadhi ya hekalu na kuwajenga waamini. Kwa hiyo, pale gitaa linapokubaliwa, haitoshi liwepo tu. Gitaa lisilopatana sauti linawasumbua waimbaji na kuwaondolea waamini utulivu wa sala.

Zaidi ya hayo, gitaa lililonunuliwa kwa jina la parokia ni mali ya Kanisa. Kanuni ya 1284 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inawataka wasimamizi wa mali hizo kuwa na uangalifu kama wa baba mwema wa familia, kuhakikisha kwamba mali hazipotei wala kuharibika, na kutunza vizuri vitabu vya mapato na matumizi. Mwalimu wa kwaya anayempa fundi gitaa bila maandishi yoyote anaihatarisha dhamana hiyo.

Kazi yenyewe ni nini?

Shingo ya gitaa ni mti, na mti hunyonya unyevu wakati wa masika na kuupoteza wakati wa kiangazi. Nyuzi nazo huivuta shingo kwa nguvu usiku na mchana. Kwa sababu hiyo gitaa lililotoka dukani likiwa sawa huweza kupinda taratibu katika stoo yenye paa la mabati, bila mtu yeyote kuliangusha.

Fundi anayejua kazi hufuata mpangilio. Kwanza hufunga nyuzi mpya za unene ule ule atakaoutumia mpigaji, na kuzikaza hadi sauti zake za kawaida. Pili hutazama mpindo wa shingo: hubonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha hupima nafasi iliyobaki katikati, ambayo kwa magitaa mengi huwa karibu robo ya milimita. Ndani ya shingo mna ufito wa chuma. Akiukaza, shingo hunyooka, na akiulegeza, nyuzi huivuta ijipinde zaidi. Huuzungusha kidogo kidogo, si zaidi ya robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, na hupima tena kila mara. Tatu hurekebisha kimo cha nyuzi kwenye daraja. Kwa magitaa mengi ya umeme, milimita moja na nusu hadi mbili kuelekea mwisho wa shingo ni kipimo cha kawaida.

Mwisho hupatanisha sauti za juu na za chini. Freti ya 12 hugawa uzi nusu kwa nusu, hivyo uzi ukibonyezwa hapo unapaswa kutoa sauti ile ile ya uzi mtupu, oktava moja juu. Ikiwa sauti imepanda mno, kitegemeo cha uzi husogezwa nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa imeshuka, husogezwa mbele. Kazi hii isipofanyika, mpigaji ataonekana amekosea ilhali vidole vyake viko mahali pake.

Kinachorudishika na kisichorudishika

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Kuzungusha skrubu za daraja ni kazi inayoweza kurudiwa kesho ikiwa leo imekosewa. Lakini kupiga tupa freti, kuchimba zaidi vijia vya nyuzi mwishoni mwa shingo, au kutoboa mwili wa gitaa ni kuondoa kitu ambacho hakirudi. Fundi wa kuaminika huanza na yale yanayorudishika, nayo mara nyingi hutosha. Akiona lazima atumie tupa, husimama, hueleza sababu, na husubiri kibali. Anayeitaja tupa kabla hajapima chochote, tusimwachie gitaa.

Je, fundi redio anatosha?

Kwa sehemu, ndiyo. Leo Fender wa Marekani, ambaye gitaa lake la Stratocaster lilitoka mwaka 1954, alikuwa fundi redio aliyefungua karakana mjini Fullerton, California, mwaka 1938. Yeye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Aliwapa wanamuziki vyombo wavijaribu, akasikiliza malalamiko yao na kuvirekebisha. Kwa hiyo fundi redio wa mtaani anaweza kabisa kulehemu waya uliokatika, kubadilisha tundu la kuchomekea waya, au kusafisha kifundo cha sauti kinachokwaruza. Shingo, freti na daraja ni elimu nyingine, na fundi redio mwaminifu atasema wazi kwamba hiyo hana.

Namna ya kumtambua

Tuwaulize wapigaji wa kwaya na bendi zaidi ya moja, kila mmoja peke yake. Jina likijirudia, lina uzito. Tuombe kuona gitaa alilolitengeneza miezi sita iliyopita, kwa maana kazi mbovu hung'aa siku ya kwanza. Tusikilize maswali yake. Anayejua kazi atauliza: Mpigaji ni nani? Anapiga solo au rithimu? Mnatumia nyuzi za unene gani? Gitaa linahifadhiwa wapi? Kisha tutazame vifaa vyake: rula ya milimita, kipima sauti, bisibisi na funguo zinazoingia sawasawa. Ikiwezekana, mpigaji awepo wakati wa kazi, na tuanze na gitaa la bei ndogo zaidi.

Pale ambapo fundi si wa kucheza naye

Mngurumo unaopungua mpigaji anaposhika nyuzi mara nyingi ni usumbufu tu. Lakini mpigaji akipigwa shoti anapogusa nyuzi au anapokaribia maikrofoni, hilo ni jambo la uhai. Zima kila kitu, na chombo kisitumike tena, hata kama Misa ya sherehe imebaki saa moja. Mara nyingi kasoro haiko kwenye gitaa bali kwenye amplifaya au katika nyaya za jengo zisizo na waya wa ardhi. Hapo anahitajika fundi umeme mwenye leseni. Yeyote anayeshauri kukata pini ya ardhi ili kelele ziishe anauza uhai wa kijana wetu kwa utulivu wa spika.

Makubaliano na malipo

Kabla ya kazi, tuandike hali ya gitaa, namba yake, kazi iliyokubaliwa, bei na siku ya kulichukua, na tupige picha. Vipuri vilivyobadilishwa virudishwe, na stakabadhi iingie katika kitabu cha kwaya. Tuandike pia kimo cha nyuzi na unene wake, ili fundi wa kesho asianze gizani. Kwa upande wetu, tusimwombe fundi afanye kazi bure kwa kuwa "ni kazi ya Mungu". Injili ya Luka, sura ya 10, yatambua haki ya mtenda kazi kupata ujira wake. Fundi akilipwa vizuri na kwa wakati, ataweza kununua vifaa bora, na parokia jirani nayo itanufaika.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawasihi viongozi wa kwaya walitoe gitaa lao kabatini juma hili, walibonyeze kwenye freti ya 12 na kulisikiliza pamoja na kinanda. Likiwa halipatani, wamtafute fundi mapema, kabla ya pilikapilika za Noeli au Pasaka.