Matufaha ya Limuru Yatafika Lini Kwenye Chupa za Nairobi?

Saida imepata kiti chake Nairobi. Katika baa za Westlands na Kilimani, wikendi, utaona meza nzima imejaa chupa za Savanna, Hunter's na Tusker Cider, hasa kwa wanywaji wasiopenda uchungu wa bia. Nami nawaelewa. Uchachu wake hukata mafuta ya mbuzi choma vizuri kuliko bia, na ikinywewa baridi kando ya kachumbari haina mshindani.

Ila Savanna na Hunter's ni za Afrika Kusini, nchi ambayo matufaha yake mengi hutoka mabonde ya Rasi ya Magharibi kama Elgin na Ceres. Hata tunda lenyewe unalouziwa kwa mkokoteni pale Tom Mboya Street au kwenye meza za soko la Kangemi, mara nyingi limekuja kutoka huko huko.

Naamini sehemu ya matufaha hayo inaweza kukua hapa karibu, upande wa magharibi wa jiji, kule Waiyaki Way inakopanda kupitia Kangemi na Uthiru hadi Kikuyu na hatimaye Limuru. Katikati ya Nairobi ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Limuru imepita 2,200. Udongo wake ni ule mwekundu wenye kina, usiotuamisha maji. Tunachokosa ni baridi ya kutosha. Mtufaha wa Ulaya hulala msimu wa baridi, na aina nyingi huhitaji saa 800 hadi 1,000 chini ya nyuzi 7 ndipo ziamke na kuchanua pamoja. Julai yetu ya mawingu, pamoja na makoti yake yote, haifiki huko. Ukipanda aina hizo utapata majani ya kupendeza na maua machache yasiyo na mpango.

Zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo. Anna ilizalishwa Israel, na Dorsett Golden ikapatikana Bahamas, visiwa vyenye joto la mwaka mzima. Hizi mbili hupandwa pamoja kwa sababu huchanua wakati mmoja na kupeana chavua. Anayenunua mche mmoja tu wa Anna anajinyima mazao. Hapa nyumbani wengi wamesikia pia kuhusu tufaha la Wambugu, lililopewa jina la mkulima Peter Wambugu, mwenye shamba Laikipia. Chagua mche uliounganishwa, yaani tawi la aina unayoitaka limefungwa juu ya shina la nyingine hadi vikashikana. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu. Muuzaji wa vitalu vya barabarani akikuambia mche wake umetokana na mbegu, mshukuru na uendelee na safari yako: mbegu ya tufaha haizai mti unaofanana na mama yake.

Kisha kuna kazi ya mikono ambayo wakulima wa Batu, kule Java nchini Indonesia, wameifanya kwa miaka mingi na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Baada ya mavuno wanapukutisha majani yote ya mti, na mti, ukiwa umeachwa mtupu, unachipua na kuchanua upya kana kwamba umetoka usingizini. Matawi nayo hukunjwa na kufungwa yalale, kwa kuwa tawi lililolala huzaa kuliko lililosimama wima. Ndiyo kazi ninayotamani maafisa wa kilimo waifundishe Kikuyu na Limuru, maana bila hiyo mkulima hubaki kuulaumu mche.

Nani atakamua tunda linalouzika vizuri likiwa zima? Hakuna, na hapaswi. Kazi ya saida ni kulipokea lile ambalo soko limelikataa: lililodonolewa na kuzumburu, lililopigwa na mvua ya mawe, lililo dogo mno kwa rafu za supamaketi. Ondoa sehemu iliyooza, osha, ponda, kamua. Kilo 10 hutoa lita 6 hivi za maji ya tunda. Tia hamira ya mvinyo, acha gesi itoke bila hewa kuingia, na ubaridi wa Limuru utafanya mengine kwa wiki kadhaa. Saida njema haitaki haraka wala joto.

Kasoro ya Anna na wenzake ni kwamba ni matufaha ya kula, yasiyo na ule ukakasi wa aina za saida za Somerset, Uingereza, kama Kingston Black na Dabinett, kwa hiyo saida yake huwa nyepesi mdomoni. Watengenezaji wa nyumbani huko Uingereza huongeza chai kavu iliyokolea ili kuipa ukakasi huo. Basi Limuru, ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903, haihitaji kwenda mbali kutafuta dawa hiyo.

Wala ufundi wenyewe si mgeni huku. Wazee wa Kikuyu walichachusha asali au maji ya miwa kwa tunda kavu la mwegea, wakapata pombe ya muratina. Tunda hilo halikuliwa, kazi yake ilikuwa kubeba chachu. Na kampuni ya Kenyan Originals tayari inatengeneza saida ya Nairobi yenye ladha ya matunda ya hapa kama nanasi na pasheni.

Anayetaka kuuza atahitaji leseni chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Ila sheria itulinde sisi wanywaji pia. Tangu 2010 Uingereza inataka kinywaji kiwe na angalau asilimia 35 ya maji ya tufaha au pea ndipo kitozwe ushuru kama saida. Kiwango hicho ni cha chini, hata hivyo ni kiwango. Wewe unayeagiza Jumamosi hii, geuza chupa usome kibandiko, kisha umuulize mwenye baa ni lini ataweka saida ya matufaha ya Kenya. Wenye viwanda husikia swali likiulizwa mezani mara nyingi.