Sikiliza Kwanza, Kisha Uchimbe

Mji wa Bukavu umekaa juu ya vilima kando ya ziwa Kivu. Umeme wake hutoka katika maporomoko ya mto Ruzizi, na maji ya Regideso hupita katika mabomba yaliyofukiwa. Mtu achimbaye msingi wa nyumba kule Kadutu au Bagira aweza kupiga sururu asijue kilicho chini. Akitoboa bomba, majirani hukosa maji, na udongo wa mteremko hulegea. Akipiga kebo ya umeme, aweza kupoteza uhai wake.

Je, msomaji, yawezekana kujua kilichofukiwa kabla ya kuchimba? Naam. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mtaalamu wa Denmark, alionyesha kwamba waya upitishao umeme hugeuza sindano ya dira. Yaani umeme upitao huzungukwa na nguvu ya sumaku, nayo nguvu hiyo hupenya udongo.

Kwa hiyo mafundi hutumia vyombo viwili. Cha kwanza hutuma umeme mdogo, ugeukao mwendo wake upesi upesi. Waya wake mmoja hufungwa kwenye bomba la chuma pale lionekanapo. Wa pili hufungwa kwenye kigingi cha chuma kilichopigwa ardhini kando yake. Chombo cha pili, chenye koili ya waya, hupokea. Fundi hutembea nacho polepole, mhimili wa koili ukiwa wima. Sauti ikomapo katikati, ikasikika tena kila upande, bomba li chini ya miguu yake. Hapo hutia alama. Kisha huiinamisha koili digrii 45, akasogea kando mpaka sauti ikome tena. Umbali kutoka kwenye alama ndio kina cha bomba.

Kebo ipitishayo umeme wa mji huvuma yenyewe, wala haihitaji chombo cha kutuma.

Lakini tusidanganyike: kimya si ushahidi. Umeme wa mji ukikatika, kebo hunyamaza, ukirudi, huua. Bomba la plastiki nalo ni bubu, isipokuwa limefukiwa pamoja na waya.

Basi afukiaye bomba leo aweke waya juu yake, na kuchora ramani. Naye achimbaye awaulize kwanza mafundi wa maji na wa umeme, na penye alama achimbe kwa mkono, taratibu. Saa moja ya kuuliza si hasara.